Malaika na Kijana Asiye na Mali: Juu ya Unyonge wa Mpenzi katika Wimbo

Katika harusi nyingi za Arusha, tangu kumbi za Njiro hata viwanja vya migombani kule Tengeru na Nkoaranga, huja saa ambapo wapiga matarumbeta huacha nyimbo za kuwachezesha ndugu na kupiga Malaika. Bibi harusi huinamisha uso, wajomba hutikisa vichwa, na wapishi hutoka jikoni miko mikononi. Nimeyaona hayo mara nyingi, na kila mara nimejiuliza swali lile lile: watu hawa wanasikia nini? Maana wimbo huu ni wa mtu aliyeshindwa kuoa. Kuuimba harusini ni kama kusoma tanzia mbele ya mtoto anayepewa jina.

Nyimbo za namna hii hazipati heshima kubwa katika vyumba vyetu vya mafunzo. Shairi lenye vina na mizani hupewa majuma mawili. Wimbo wa gitaa hupewa dakika mbili za mwisho, wakati wanafunzi wanafunga madaftari. Sababu inayotolewa ni kwamba maneno yake ni mepesi. Sina ugomvi na wepesi wa maneno. Nina ugomvi na hukumu kwamba neno jepesi halina kina, na katika kurasa hizi nataka kuujaribu wimbo mmoja kwa kipimo kile kile tunachowapimia washairi wakubwa: neno kwa neno, na mahali pengine kiambishi kwa kiambishi.

Historia yake itatuchukua muda mfupi tu. Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya aliyefariki mwaka 2001, aliutia katika sahani ya santuri mnamo mwaka 1960 pamoja na kundi la Jambo Boys, na jina lake ndilo linalotajwa zaidi. Wapo wanaomtaja Adam Salim, mtu wa Tanganyika, wakisema kuwa aliutunga katika miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyemkosa. Na wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika sahani ya mwaka 1965, Boney M wakautoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo mwaka 1991. Ugomvi wa utunzi ni kazi ya wanasheria na wanahistoria. Mimi natosheka na jambo moja ambalo ugomvi wenyewe unalithibitisha: kwamba watu zaidi ya mmoja walijiona ndani ya wimbo huu kiasi cha kuwa tayari kusema, au kusemewa na wenzao, kwamba huyo kijana ni wao.

Kisa chake ni kifupi. Kijana anampenda msichana. Angemwoa, lakini hana mali. Fedha inamsumbua rohoni. Anamwita malaika, anamwita kidege, na wakati mwingine anamwita dada. Basi. Hakuna baba mkali, hakuna mpinzani tajiri, hakuna barua iliyorudishwa. Wala hakuna mahali ambapo msichana huyo amesema hapana. Jambo hili la mwisho msomaji alishike, kwa sababu tutalirudia.

Tuanze na jina. Katika Kiswahili neno malaika lina nyumba tatu. Ya kwanza iko mbinguni, nako ni kiumbe wa Mungu asiyekula, asiyelala, asiyehitaji kitu. Ya pili iko kitandani kwa mzazi: mtoto mchanga ni malaika, na mama wengi huuimba wimbo huu kumbembelezea mtoto bila kuhisi kwamba wameupotosha. Ya tatu iko juu ya ngozi yetu wenyewe: vinyweleo laini vya mwili, ambavyo husimama mtu akishikwa na baridi, au na hofu, au na mapenzi. Mtunzi wa lugha nyingine akimwita mpenzi wake malaika amemweka juu, akamwacha huko. Mswahili amemweka juu, na papo hapo amemweka katika ngozi ya mkono wake. Sidai kwamba mtunzi aliyafikiri haya yote. Mtunzi hufikiri kwa masikio. Nadai kwamba lugha iliyafikiri kabla yake.

Hata hivyo maana ya kwanza ndiyo inayotawala, na ndiyo inayomwumiza kijana. Maana mtu humpa malaika nini? Mahari hutolewa kwa binadamu mwenye wazazi, na ng'ombe hazipandi mbinguni. Tangu neno la kwanza, kijana amejichagulia mpenzi ambaye hawezi kumfikia kwa kipimo chochote, kisha analalamika kwamba kipimo kilichopungua ni mali. Hapa ndipo ninapoona hila ya moyo ulionaswa. Moyo huo humpandisha mpendwa kwanza, ndipo huyatazama mikononi mwake mambo yaliyopungua. Upungufu ni mtoto wa sifa. Kama angemwita Neema au Naserian, kama angemwita kwa jina ambalo mamake humwitia kutoka kisimani, angeweza kubisha hodi.

Sasa kuhusu mali yenyewe. Katika mashairi ya kale ya pwani mpenzi aghalabu ni mgonjwa. Hali chakula, halali usingizi, anatafuta tabibu, na tabibu ni yule yule aliyemtia ugonjwa. Enzi za Muyaka bin Haji kule Mombasa mtu aliweza kukosa mpenzi kwa hila, kwa wivu, kwa safari au kwa maneno ya watu. Lakini mtu aliyelia kwamba hana fedha, na kulifanya hilo kuwa kiini cha wimbo mzima, ni sauti ya wakati mwingine. Ni sauti ya mji wa mshahara. Nimeushuhudia ugumu wa kulieleza hilo kwa wazee wa huku kwetu. Mzee mmoja wa Kiarusha, tukiwa tumekaa chini ya mwembe kule Ngaramtoni, alinisikiliza nikimfafanulia maneno, kisha akauliza: "Huyo kijana hana baba? Hana wajomba? Rika lake liko wapi?" Nilicheka, lakini swali lake ni uhakiki bora kuliko nyingi nilizosoma.

Kwa desturi ya Waarusha na Wameru mahari haikuwa mzigo wa kijana peke yake. Ng'ombe, mbuzi, blanketi na pombe vilitoka kwa baba na ukoo. Kijana alikuwa na haki ya kuozwa kama alivyokuwa na wajibu wa kuchunga. Kusema "mimi sina" kungekuwa ni kusema jambo lisilo na maana, maana hakuna aliyetazamia kwamba yeye, katika umri huo, awe nacho. Basi nafsi ya kwanza umoja, ambayo wasomaji wengi huipita kama kitu cha kawaida, ndiyo habari kubwa ya wimbo huu. Kijana anayeimba amesimama peke yake. Ameondoka kwao, anaishi mahali ambapo mshahara ni wake na upungufu wa mshahara ni wake pia. Unyonge wake haukutoka katika mapenzi tu. Umetoka katika upweke wa hesabu.

Siwezi kulipita jambo hili pasipo kutaja kwamba katika mji huu huu, mwaka 1967, miaka saba baada ya sahani ya Fadhili William, lilipitishwa Azimio la Arusha, ambalo lilihoji kwa ukali kwamba ni kosa kwa watu maskini kuifanya fedha kuwa silaha yao, maadam fedha ndicho kitu wasicho nacho. Azimio lilisema juu ya taifa. Wimbo unasema juu ya kijana mmoja na msichana mmoja. Lakini kosa ni lile lile. Naye kijana amekubali kupigana kwa silaha ambayo hana, na amekubali bila kuombwa.

Je, amekubali kweli? Hapo sharti twende kwenye sarufi, na naomba msomaji anivumilie.

Katika ubeti wa kwanza kuna kitenzi cha kushindwa. Kitenzi hiki kina sura mbili. Kushindwa ni kutoweza: nashindwa kusoma, nashindwa kupanda mlima. Kushindwa pia ni kupigwa na mshindani: timu yetu imeshindwa na timu ya jirani. Maana ya kwanza inaweka upungufu ndani ya mtu. Maana ya pili inaweka adui nje yake. Na baada ya kitenzi hicho wimbo unaleta kile kisilabi kidogo na, ambacho pia kina sura mbili: huunganisha, na humtaja mtenda. Kisha inafuata mali. Ukivuta pumzi baada ya kitenzi, kijana anasema kwamba hawezi, na tena, kama nyongeza, mali hana. Usipovuta pumzi, anasema kwamba mali ndiyo iliyomshinda, kama mtu anavyoshindwa na mwenzake uwanjani. Wasikilizeni waimbaji wa harusini: huyu huvuta pumzi, yule hupita moja kwa moja, na kila mmoja anadhani anaimba wimbo wa mwenzake.

Mwaka mmoja niliwatolea wanafunzi wangu swali juu ya mahali hapo. Wavulana, karibu wote, walishika maana ya pili. Mmoja wao, ambaye wakati wa likizo alikuwa akichukua mizigo ya wageni wapandao milima, aliandika kurasa sita kwa hasira nzuri: kwamba kijana huyu hana kasoro yoyote, kwamba yeye mwenyewe anajitaja kuwa kijana mwenzake msichana, yaani sawa naye kwa umri na kwa utu, na kwamba kinachowatenganisha ni kitu cha sokoni. Hoja yake ina nguvu. Lile dai la kuwa mwenzake ndilo neno pekee la kujiamini katika wimbo mzima, na limewekwa kabla tu ya kushindwa, kama mtu anayejinyoosha kabla ya kuanguka. Nilimpa alama za juu. Lakini pembeni niliandika kwamba mtu asiye na kasoro hasumbuki roho. Husumbuka miguu, akatafute kazi. Leo najuta kuyaandika maneno yale. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye mshahara.

Jambo la pili la sarufi lina faraja zaidi. Kijana anaposema kwamba angemwoa, anatumia kiambishi -nge-, wala si -ngali-. Walimu wa zamani walitufundisha kwa fimbo tofauti yake: -nge- ni ya jambo ambalo bado lawezekana, -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita. Najua kwamba mazungumzo ya kila siku yameuchakaza mpaka huo, lakini haukufutika. Kijana huyu hakusema kwamba angalimwoa. Kwa kinywa chake analia, kwa kiambishi chake ameacha mlango wazi kiasi cha kupitisha mkono. Wale wanaouita wimbo huu maombolezo wameusikia muziki wake, hawakusikia kitenzi chake.

Na kitenzi chenyewe ni kuoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ndivyo lugha ilivyopanga, na mjadala juu ya haki ya mpango huo uendelee mahali pake. Makeba na Kidjo, wanawake wote wawili, waliuimba bila kugeuza kitenzi. Wengine husema ni kwa sababu Kiswahili hakikuwa lugha yao. Yamkini. Lakini wako wanawake wetu wengi, Waswahili wa kuzaliwa, wanaouimba vivyo hivyo kwenye hoteli za mjini mbele ya watalii, na hakuna anayegeuza. Mwanamke anapoimba kwamba angeoa, mmoja kati ya mambo mawili hutokea: ama anaazima kinywa cha mwanamume, ama malaika amekichukua kinywa chenyewe. Nilikuwa nikishika la kwanza.

Tufike basi kwenye kidege, na hapo pana fundo ambalo sijaliona likifunguliwa. Kidege kinafuatwa na kitenzi kimoja, hukuwaza, kama ninavyokisikia katika namna ya wimbo iliyoenea. Kwa kawaida hukielewa hivi: hu- ya mazoea, ku- ya mtendwa, waza. Maana yake, nawaza juu yako kila wakati. Tafsiri nyingi za lugha za kigeni zimeshika njia hiyo, nayo ni njia nzuri. Tazama lakini gharama yake. Hu- ya mazoea haivumilii kiambishi cha nafsi. Hatusemi nani anayewaza. Twajua tu kwamba kuwaza kunatendeka. Kijana aliyeanza wimbo kwa nafsi ya kwanza, aliyesema mimi sina na mimi nashindwa, hapa amefutika. Limebaki wazo tupu na kidege linachokizunguka. Katika mashairi yote ya mapenzi niliyoyasoma kwa Kiswahili sijui mahali ambapo kujidunisha kumefanywa kwa silabi moja namna hii.

Lakini kitenzi hicho hicho, bila kugeuza herufi wala mkazo wa sauti, kina maana nyingine. Hu- ya ukanushi, nafsi ya pili umoja, ku- ya wakati uliopita, waza. Wewe hukuwaza. Hukufikiri. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho katika hali zote mbili, kwa hiyo sikio halina la kuamua. Ukiisikia hivyo, kidege kinalaumiwa: mimi nimesumbuka roho, wewe hukuwaza hata kidogo. Unyonge umekuwa lawama. Na lawama, kama tujuavyo, ni dada yake unyonge. Mtu akijiona pungufu kwa muda mrefu humgeukia aliyempenda na kumdai deni ambalo hakukopa. Nyimbo nyingi za vijana wa leo zimekaa katika chumba hicho cha pili, na huchoka kuzisikiliza, isipokuwa chache kama Zali la Mentali ya Professor Jay, ya miaka ya mwanzo ya 2000, ambayo imeupindua mchezo wote ikamfanya mwanamke tajiri ndiye apendaye na maskini ndiye apendwaye.

Kwangu mimi maana ya kwanza ndiyo iliyo sawa na mwendo wa wimbo, na ndiyo niliyoifundisha kwa miaka. Mbele yake na nyuma yake kijana anasema kwa upole, na lawama ingepasua kitambaa. Ya pili niliwatajia wanafunzi kama mzaha wa sarufi.

Ndipo mwanafunzi mmoja msichana, mtu wa Akheri, aliponiletea insha iliyonikosesha usingizi. Alianza kwa kuuliza swali ambalo katika darasa la watu arobaini hakuna aliyeuliza: malaika amesema nini? Akaonyesha, mstari kwa mstari, kwamba hajaulizwa neno. Kijana amempenda, amempandisha, amejipima, amejikataa, amelia, na yote hayo ameyafanya mwenyewe, kama hakimu aliyehukumu kesi ambayo mshitaki hakuitwa. Hapana ushahidi kwamba msichana alitaka mali. Kisha akafika kwenye kidege, akashika maana ya pili, ile ya mzaha wangu, lakini akaigeuza: aliyeitwa kidege ni kijana, na anayesema ni malaika. Wewe kidege, hukuwaza. Hukufikiri kwamba ningekubali.

Nilimwita ofisini. Nilimwambia kwamba hoja yake ni ya akili lakini haisimami, kwa kuwa mara baada ya hapo huja tena maneno ya kuoa, nayo ni ya mwanamume. Sauti haiwezi kugeuka katikati ya ubeti na kurudi bila ishara. Nilimwambia pia kwamba msomaji hana ruhusa ya kumpa mhusika maneno kwa sababu tu anamhurumia. Alisikiliza kwa adabu, mikono magotini, kama wanavyosikiliza mabinti wa huku mbele ya mtu mzima. Nilipomaliza akasema, "Sawa, Mwalimu. Lakini mimi sikuupata kwenye karatasi. Niliusikia kwenye harusi ya dada yangu."

Nikamwuliza kulikuwa na nini huko. Akanieleza kwamba mume wa dada yake alikuwa kijana wa karakana, asiye na kiwanja wala ng'ombe, ambaye kwa miaka miwili alimkwepa dada huyo njiani kwa aibu, mpaka dada mwenyewe akamtuma shangazi. Siku ya harusi matarumbeta yalipoanza Malaika, bibi harusi alichukua kipaza sauti kutoka kwa mshereheshaji. Aliimba wote kama ulivyo, hakubadili neno. Ila alipofika kwenye kidege alimgeukia bwana harusi, akamnyoshea kidole, na watu wote wakacheka.